Sisi Watu wa Njano

Ofisini kwetu siku hizi hakuna tena mkorofi, kuna "mwekundu". Mmbea naye amepandishwa cheo, ni "wa njano". Mvivu ni "kijani", mtu wa amani asiyependa kukurupushwa, na yule anayekagua risiti ya maandazi mpaka inachanika ni "bluu". Rangi hizi tumezitoa kwenye semina ya kuelewana haiba.

Mwezeshaji, kijana mwenye projekta na sauti ya mhubiri, alitujazisha maswali kisha akagawa majibu kwenye bahasha. Mhasibu wetu, mtu ambaye hata mshahara ukipanda hacheki, akasoma huku miwani ikimteremka puani. Machozi yakamlengalenga.

"Jamani, hawa wamenijuaje? Mke wangu mwenyewe hayajui haya!"

Ikabidi dereva amguse bega. "Samahani bosi, hiyo bahasha ina jina langu."

Simcheki sana. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapima wanafunzi wake haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo "yake". Kumbe yalikuwa yale yale kwa wote, mengi ameyaokota kwenye kitabu cha unajimu! Walipoyapa alama za usahihi, kati ya 0 na 5, wastani ulizidi 4. Na hii mbinu ya kutugawa mafungu manne asili yake ni kitabu cha 1928 cha William Moulton Marston, bwana yule yule aliyekuja kumbuni Wonder Woman. Maana yake amani ya ofisi yetu imeasisiwa na mtunzi wa katuni.

Nyumbani somo halikuingia. Nilimweleza mke wangu, kwa upole, kwamba yeye ni bluu.

"Bluu ni moto wa gesi," akasema bila kugeuka, "na gesi imekwisha tangu asubuhi. Nimekupigia, hukupokea."

Nikamfafanulia kwamba sisi watu wa njano hatuandamwi na vitu vidogo vidogo. Usiku huo nililala na mkate mkavu.

Semina yenyewe ililetwa na ugomvi wa feni: mmoja anaiwasha, mwingine anaizima, wa tatu anaigeuzia kwake. Bado tunaigombania, sema sasa kila mtu anagombana kwa rangi yake. Bosi, kama unasoma hapa, pilau na kuku wa siku ile ya semina vingetununulia feni ya pili.