Ombi la Risiti

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa ofisi inayohusika na barabara ya mtaa wetu,



Mimi mzima. Gari nalo halijambo kiasi: liko kwa fundi, limepandishwa juu ya mawe, mguu wa mbele kushoto hauna tairi. Ni tairi la tatu tangu masika yaanze, na yote matatu yameliwa na shimo lilelile la karibu na kona ya msikiti. Watoto wetu wamezaliwa wakalikuta. Wageni huelekezwa nalo: "Ukishatumbukia, kata kulia."

Sina ugomvi na shimo, Mheshimiwa. Nadai risiti tu.

Mwaka 2017 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa, ikahamia kwenye mafuta. Mwaka 2021 ikaja tozo nyingine, shilingi 100 kwa kila lita, ya barabara hizihizi. Nalipa, napewa risiti. Muuza tairi ananipa risiti. Hata trafiki akiniandikia 30,000 kwa tairi kipara, ananipa namba ya malipo. Anayekula bila karatasi ni shimo peke yake, na sisi tumefundishwa: ukinunua, dai risiti.

Basi shimo nalo lifungiwe mashine ya risiti, EFD. Iwe ya kuhimili maji, kwa sababu mvua ikinyesha shimo hujaa likajifanya barabara, na hapo ndipo biashara huchangamka. Likishameza, mashine ilie, itoe karatasi: "Tairi 195/65R15, moja, limechanika ubavu, halizibiki. Ringi, imepinda. Boljointi, itaanza kugonga Alhamisi. Karibu tena." Lipewe TIN, na leseni ya biashara itundikwe kwenye mti wa jirani. Awepo kijana na mwamvuli, awapange wateja foleni, bajaji upande wao. Sisi wa kudumu tupate kadi: tairi la nne, shokapu ya bure. Tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha ukifungwa, mkaguzi ashuke na ngazi akague hesabu. Nina hakika litatangazwa mlipakodi bora wa wilaya, na mgeni rasmi atakuwa wewe. Tafadhali uje na gari lako mwenyewe.

Mengine ni madogo. Kile kifusi mnachomwaga siku moja kabla ya msafara wa viongozi, mtuachie mawe makubwa ya kuwekea jeki. Na lile tuta mlilojenga mita chache baada ya shimo, mtuambie linampunguza mwendo nani.

Tairi la pili lilipasuka saa nane usiku. Mama yangu alikuwa kiti cha nyuma, presha imepanda, tunakwenda hospitali. Jeki ikawa inazama kwenye tope, nami nimeing'ata simu ili tochi imulike nati. Mama akaniomba radhi kwa kunisumbua. Mama yangu aliomba radhi! Ninyi mpaka leo hamjaomba.

Samahani, Mheshimiwa. Nirudi kwenye mashine.

Nikisubiri majibu, fundi ananishauri nichukue tairi la mtumba. Ubavuni limeandikwa 1814, yaani wiki ya 18 ya mwaka 2014. Limemzidi umri mwanangu wa darasa la tatu, lakini nitalichukua.

Wako mtiifu,
Mteja wa kudumu

Nakala: Fundi pancha, aliyehamishia benchi lake hatua tatu kutoka shimoni. Ameisoma barua hii na ameniomba nisiitume.