Sifa za Paa Kuukuu la Mpira

Wenzangu na wasifu milima na wachumba. Mimi nalisifu paa la mpira lililozeeka juu ya gari-nyumba la mstaafu wa Kimarekani. Lilitoka kiwandani Elkhart, Indiana, likiwa jeupe pe. Leo, baada ya kuanikwa kila kipupwe kwenye jua la Quartzsite, Arizona, limefubaa na kujaa kinyesi cha ndege.

Kwanza, ni karimu. Mpira wake, aina ya EPDM, ukichomwa na jua miaka na miaka, uso wake husagika wenyewe ukawa unga mweupe. Mvua ikinyesha, unga huteremka ubavuni ukiacha michirizi, na hakuna dirisha linalonyimwa fungu lake.

Pili, halina makuu. Maji, sabuni isiyo kali na brashi laini vinalitosha. Liletee petroli au dawa ya kusafishia yenye mafuta ya machungwa uone: huvimba kwa hasira na kuachana na gundi iliyolishika kwenye plaiwudi.

Tatu, ni mwalimu wa unyenyekevu. Bosi aliyezoea kuamrisha ofisi nzima sasa amepiga magoti juu ya ubao, anasugua kipande baada ya kipande, na kila mara anasuuza kuta kabla unga haujazikaukia. Akidhani amemaliza, paa humkumbusha kingo za kiyoyozi na matundu ya hewa, ambako gundi ya kuzibia imepasuka. Abandue iliyolegea, asafishe, azibe upya kwa gundi inayopatana na mpira huo, wala asikimbilie silikoni. Kisha angoje paa likauke kabisa. Akipaka rangi ya kinga juu ya unga au unyevu, paa litaivua yote mapande mapande.

Wabaya wake husema linavuja. Kweli, lakini huvuja kwa adabu, bila kumwamsha aliyelala. Maji hupenya kando ya tundu, hulowesha plaiwudi, hushuka ndani ya ukuta, na mwenye gari hupata habari siku sakafu inapobonyea.

Kwa hiyo, ndugu mwenye gari-nyumba, panda ngazi kungali na jua. Weusi ukianza kuchungulia chini ya weupe, usilitukane. Limetoa yote liliyokuwa nayo, sasa ni zamu ya mfuko wako. Kabla ya hapo, ndoo ya maji ya sabuni ni rahisi kuliko fundi.