Choo cha Nini, Mwalimu?

Mkopo wa SACCOS uliingia Jumanne, na kufikia Jumatano jioni chumba kizima cha walimu kilikuwa kimeshaupangia matumizi. Mwalimu wa Hisabati alisema ninunue bajaji. Wa Biolojia akasema kuku. Mimi nikasema ardhi, kwa sauti nzito ya mtu aliyelala akiifikiria, kumbe nilikuwa nimesikia tu abiria wawili kwenye daladala ya Buzuruga wakisema Mwanza imeshajaa, mwenye akili sasa anakimbilia miji inayokuja. Usiku huo nikampigia shemeji yangu aliyeko Tarime, nikamuuliza ni mji gani unaokuja.

"Shemeji," akasema, "huku yote inakuja. Wewe njoo na nauli."

Niseme mapema kwamba mimi ni Mkurya wa Mwanza. Kikurya changu kinatosha kusalimia na kuomba maji. Swali la tatu likija, nahamia Kiswahili na kuanza kutazama saa. Nilipanda basi la Sirari nikiwa na shati la mikono mifupi, na tulipovuka daraja la Kirumi na kuanza kupanda kuelekea Tarime, baridi ya kule ikanikaribisha nyumbani kwa namna yake. Kuna migomba, kuna kahawa, kuna ukungu wa asubuhi. Mtu wa Ziwa ukifika Tarime unaelewa kwa nini wajomba huvaa makoti hata harusini.

Dalali wa kwanza alitaka 10,000 ya kuonyesha kiwanja. Nikatoa. Akanionyesha kwa kidole, kutoka ng'ambo ya bonde. Nikasema napenda kukikanyaga, tukashuka, tukapanda, viatu vikabadilika rangi, na tulipofika tukamkuta dalali mwingine na mteja mwingine, kiwanja kilekile, kidole kilekile. Madalali wakasalimiana kwa furaha. Sisi wateja tukaangaliana kama watu waliokutana kwa mganga.

Sirari hatukukaa. Pale mpakani niliambiwa kiwanja ni laki nne, nikamkumbatia muuzaji. Nilimkumbatia kweli, mbele za watu. Shemeji akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba laki nne hizo ni za Kenya, nizidishe mara 20 hivi. Kuzidisha najua. Kilichonishinda ni namna ya kulirudisha lile kumbatio.

Basi tukapanda mchomoko, gari dogo la abiria, tukashika njia ya Nyamongo. Barabara ile ya Tarime hadi Mugumu ina kilomita 87 hivi, na katikati yake kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Nilikuwa nimejiandaa kuona vumbi na malori. Sikuwa nimejiandaa kuona mji. Nilipochungulia dirishani mchomoko ulipopunguza mwendo, kilima kizima kilikuwa na nyumba: mabati yanameta, kuta zimebanana, miti imepandwa karibukaribu kama nywele za mtoto. Nikamwambia shemeji, "Huu sasa ndio mji unaokuja! Tazama watu walivyojenga!"

Shemeji hakujibu. Abiria wa nyuma ndiye aliyekohoa.

Tukashuka, tukapelekwa kwenye nyumba moja ya vyumba sita iliyokuwa inauzwa kwa bei ya kiti cha ofisini. Niliipenda papo hapo. Haikuwa na madirisha, lakini nikasema hayo nitaweka. Mlango ulikuwa mmoja kwa vyumba vyote sita, nikasema mafundi wa siku hizi wana ubunifu. Nikaegemea ukuta ili nifikiri vizuri, ukuta ukafikiri pamoja nami, ukasogea. Ndipo nikauliza choo kiko wapi.

Yule kijana aliyekuwa anatutembeza alinitazama kwa huruma ya kweli. "Choo cha nini, mwalimu? Mthamini hana haja."

Hapo ndipo nilipofundishwa neno tegesha. Wenzetu wa huko wanalijua kama unavyolijua jina la mtaa wako. Nyumba ya tegesha haijengwi ili mtu alale. Inategwa kama mtego wa kwale, kwenye eneo ambalo tetesi zinasema mgodi utalihitaji. Mgodi ukija kuchukua ardhi, sheria inadai fidia, na fidia huhesabu majengo, mazao na miti. Kwa hiyo mtu anainua kuta kwa wiki moja, anapanda miche mia palipotosha miche kumi, anakaa chini ya mwembe akimsubiri mthamini. Wengine wamewahi kulipwa, na ndiyo maana mtego hauishi. Wengine wamejenga baada ya tarehe ya kusimamisha maendelezo, wakabaki na vyumba sita na mbuzi mmoja anayezunguka humo kama mkaguzi wa shule.

Nilicheka sana siku hiyo. Nakumbuka nilimwambia shemeji kwamba watu wa namna hii wanasikitisha. Shemeji akasema, "Mm."

Tukaendelea hadi tukavuka mto Mara. Huko juu, ndani ya hifadhi, nyumbu huuvuka mto huohuo kila mwaka wakitafuta majani, bila dalali na bila karatasi ya mtendaji, ingawa wao wana mamba, na sisi hatukuwa nao, au angalau hawakuwa majini.

Mugumu ni makao makuu ya wilaya ya Serengeti, na kama ni kusubiri, Mugumu imehitimu. Nilipofika ilikuwa inasubiri watalii, inasubiri lami, inasubiri uwanja wa ndege ambao kila dalali alinionyesha utakapokuwa, kila mmoja upande wake. Kwa hesabu yangu ndege zitatua pande nne. Nje kidogo ya mji, kando ya barabara, tukampata mzee mwenye eneo. Alikuwa Mkurya aliyehamia zamani kutoka Tarime, akaishi katikati ya Wangoreme, Waikoma na Wanatta mpaka akazeeka. Akaniuliza, "Wewe mura ni wa wapi?"

"Mwanza, mzee."

"Sikukuuliza basi ulilopanda. Nimekuuliza ukoo."

Nikajua lile swali la tatu limefika. Kwa Wakurya mtu hununui ardhi ukiwa mwalimu tu au mteja tu. Kuna Wairegi, kuna Wanyabasi, Wanchari, Wakira, Watimbaru, na mipaka kati ya koo imewahi kumwaga damu, kwa hiyo mzee alikuwa na haki ya kujua anamkaribisha nani. Nikampigia mama. Mama akataja ukoo, akaniuliza nanunua ardhi kwa pesa gani, kisha akataka kuzungumza na mzee. Wakazungumza dakika 20 kwa salio langu. Mzee aliporudisha simu alikuwa ameshakuwa baba mdogo.

Nikadhani hilo ni punguzo. Ndugu msomaji, hujawahi kununua kitu kwa baba mdogo. Kubishana naye bei ni utovu wa adabu. Bei haikushuka hata shilingi, na juu yake likaongezeka blanketi.

Tukapima. Makubaliano yalikuwa hatua 30 kwa 30, na kwa heshima tukamwachia mwenye ardhi apige hatua mwenyewe. Baba mdogo ana goti bovu. Alitembea taratibu, akihesabu kwa sauti, mguu mmoja ukiufuata mwingine kama unaomba ruhusa, na mimi mtoto mwenye adabu nikasimama nikiitikia, "Ndiyo, baba." Karatasi ikaandikwa mbele ya mtendaji na mashahidi, soda zikanywewa kreti zima. Ardhi ya nchi hii mdhamini wake ni Rais, lakini siku ile Rais hakuwakilishwa na mtu mwenye futi. Nilipokuja kupima kwa kamba baadaye, upande mrefu ulikuwa mita 17.

"Usijali ukubwa," shemeji akaniambia tukirudi, macho yakimng'aa. "Nimekuchagulia mahali. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Kiwanja chako kinaanzia mita ya 26. Barabara ikipanuliwa, unawekewa X ya kijani. Nyekundu ni ya aliyeifuata barabara, huyo halipwi. Kijani ni ya aliyefuatwa na barabara, huyo analipwa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Nikanyamaza kuanzia hapo hadi Tarime, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuhesabu.

Nikajenga mpaka kwenye linta kwa mkopo wa pili, ambao mama watoto anaujua kama ada. Fundi ndiye aliyenifumbua macho, tena baada ya kumaliza kulipwa. Akasema kijani ni kwa waliokuwapo pale kabla ya sheria. "Wewe umekuja juzi, mwalimu. Barabara ilikuwa hapa, umeifuata mwenyewe kwa mchomoko."

Mlinzi niliyemweka, mtu mwenye akili zake, aliona vyumba vitatu visivyo na paa vinapata mvua na jua vizuri, akapanda mahindi ndani. Yakastawi mno, kwa kuwa nilikuwa nimewalipa vibarua waondoe mawe. Usiku mmoja tembo wakatoka hifadhini, wakanusa, na mmoja hakuona sababu ya kuingilia mlangoni. Ukuta wa sebule ukalala. Asubuhi mlinzi akaenda kuripoti, maana kuna kifuta jasho kwa mazao yaliyoliwa na wanyama wakali, na nikamwomba aingize na ukuta. Akaulizwa kama ukuta ni zao. Kanuni zinataja mazao, mifugo na binadamu aliyejeruhiwa au kufa. Kwa hiyo kwenye nyumba yangu mwenyewe, kwa fedha zangu mwenyewe, aliyepata fomu ya kujaza ni mlinzi.

Wiki iliyopita akanipigia nikiwa darasani, Kidato cha Pili. Nikatoka nje.

"Mwalimu, kuna X huku. Kwenye ukuta wa mbele. Kubwa."

Moyo ukaruka. "Rangi gani?"

"Ngoja nisogee." Nikasikia majani yakikatika, kisha kimya kirefu cha mtu anayetazama kwa makini. "Mwalimu, kijani siyo."

"Nyekundu?"

"Wala nyekundu. Nyeusi." Akakwangua kitu kwa ukucha. "Ni mkaa. Ni watoto wa jirani hawa, walikuwa wanacheza. Nimeona na goli wamechora. Nichukue maji nifute?"

Nikatazama dirisha la darasa. Wanafunzi 60 walikuwa wananitazama.

"Acha," nikamwambia. "Usifute kwanza."