Mjomba, Jeki na Mkutano wa Wazee

Huku Zirai, Usambara Mashariki, ardhi tambarare ni ya kugombaniwa. Kipande kikipatikana hujengwa nyumba, kisha jiko, kisha uwanja wa kuanikia karafuu. Gari hupewa makombo. Ndiyo maana gereji ya mjomba ilianza maisha kama banda la mbuzi. Land Rover 109 yake ya zamani huingia humo kwa kukunja vioo. Mlango wa abiria haufunguki kabisa, na wa dereva hufunguka kiasi cha kumtoa mtu aliyefunga.

Humo ndimo tairi la nyuma lilimopatia pancha.

Mahali pa wazi, kubadili tairi ni kazi ya watu wawili. Kwenye banda finyu ni kazi ya kijiji, kwa sababu kila apitaye huona kwamba aliyemo ndani hajui afanyalo. Wazee waliingia mmojammoja, wakajibana ukutani, mkutano ukafunguliwa. Wa kwanza alitaka nati zilegezwe gari likiwa bado chini. Sawa kabisa, maana gurudumu likishaning'inia huzunguka pamoja na spana. Wa pili alitaka jeki iwekewe ubao mpana, kwani udongo wetu mwekundu ukishiba mvua humeza chochote. Sawa tena, ingawa ubao uliopatikana ulikuwa chaga ya kitanda cha bibi. Wa tatu akataka magurudumu yawekewe mawe.

Mjomba akacheka. "Handbreki nimevuta, gia nimeweka. Mawe ya nini, mzee wangu, tunajenga?"

Hakusema uongo. Ila kwenye magari hayo handbreki haikamati magurudumu. Hukamata shafti inayotoka gia boksi kwenda difu ya nyuma. Gia nayo hukamata shafti hiyohiyo. Magurudumu yote mawili yakiwa chini, gari limetulia. Nyanyua moja, nalo linapata nafasi ya kuzunguka kinyume hewani, na lile la upande wa pili linapewa ruhusa ya kutembea. Utingo wa malori yanayopanda Amani hahitaji darasa hili: lori halijasimama sawasawa, yeye keshashuka na gogo lake.

Mjomba akapiga magoti ili, gari likinyanyuka tu, ajipenyeze kukagua springi. Bibi, ambaye akiwa jikoni husikia hata yasiyosemwa, akapaza sauti: "Asiingie mtu huko chini! Kuku wangu anaatamia!" Mjomba akaeleza umuhimu wa springi. Bibi akaeleza umuhimu wa mayai. Springi ikaahirishwa.

Tairi likaachana na ardhi. Gari likarudi nyuma kufuata mteremko, jeki ikalala ubavu, tairi likatua kwa kishindo, na handbreki ikakumbuka kazi yake papo hapo: gari likasimama makalio yake yameziba mlango. Kuku akapita uvunguni akatoka bila kuaga. Wazee walibaki. Njia ilikuwa moja: ingia mlango wa dereva, tambaa juu ya magunia ya iliki, tokea mlango wa nyuma. Watu wazima, na makoti yao na heshima zao, wakapita hivyo huku mjomba akiuliza nani hajalipa nauli.

Richard Dudgeon wa New York alipata hataza ya jeki ya mafuta mwaka 1851, na tangu hapo jeki imebaki chombo cha kunyanyua. Kushikilia ni kazi ya stendi za chuma, au magogo magumu yaliyopangwa msalaba. Tofali la saruji hupasuka bila taarifa. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe mawe mbele na nyuma. Na banda likiwa finyu kiasi cha kukosa pa kurukia, litoe gari nje polepole hadi mahali tambarare, hata kwa pancha. Tairi hununuliwa Muheza. Mjomba hauzwi popote.

Bibi amefidiwa mayai, chaga bado inajadiliwa. Mjomba ameahidi kupanua banda bei ya iliki ikipanda. Wazee wanaijua bei ya iliki. Wameanza kuja mkutanoni bila makoti.