Nakonde Bado Mapumziko

Tunduma ni mji wa saa mbili. Upande wetu tunafuata saa ya Dar es Salaam. Ukivuka geti tu, Nakonde, Wazambia wako nyuma yetu kwa saa nzima. Mgeni huona ni usumbufu. Mwenyeji anajua raha yake: ukichelewa huku, unavuka unawahi kule. Nimekaa mji huu miaka kumi na moja na sikuwahi kuihitaji ile saa moja ya Zambia kama nilivyoihitaji jioni ya Jumatano, tarehe 4 Oktoba 2023.

Kwanza nikiri nilivyokuwa wiki ile. Sikuvumilika. Yanga ilikuwa imefungua ligi kwa kuichapa KMC tano bila. Ikaja JKT Tanzania, tano bila. Namungo walijitahidi, wakafungwa moja. Halafu Jumamosi ya tarehe 30 Septemba tukawatoa Al Merrikh wa Sudan na kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kitu ambacho hatukukiona tangu 1998. Miaka 25! Kuanzia Jumapili asubuhi nilikuwa natembea mjini kama mtu aliyefunga mwenyewe. Mimi ni karani kwa wakala wa forodha, kazi yangu ni makaratasi ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo, lakini wiki ile dereva akiniletea nyaraka nilimuuliza timu yake kabla ya namba ya gari. Akisema Simba, karatasi zake nilizipiga mhuri taratibu, nikimwangalia.

Jumatano tulikuwa wageni wa Ihefu, Ubaruku, wilaya ya Mbarali, kwenye uwanja wa Highland Estates ulio katikati ya nchi ya mpunga. Hapa ndipo mtu mwenye akili timamu angekaa kimya. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikwenda uwanja huohuo ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza hata moja. Ihefu walikuwa wanahangaika huko chini kwenye msimamo. Bangala akatangulia kutufungia, Never Tigere akasawazisha kwa faulo, Lenny Kissu akamalizia. Mbili moja. Mechi ya 50 hatukuimaliza salama. Jirani yangu, fundi cherehani, Simba wa kuzaliwa, akachukua chaki yake ya kukatia suti na kuandika "49" kwenye mlango wa kibanda chake. Hakuifuta. Mvua ndiyo iliyonionea huruma.

Kwa hiyo uwanja ule nilikuwa naujua. Ila shabiki hana kumbukumbu, ana mabao yake tu.

Kibanda umiza chetu kiko hatua chache kutoka mpakani, mabati mtupu, mabenchi ya mbao ambayo yamechana suruali nyingi kuliko fundi anavyoweza kushona. Siku zile umeme ulikuwa wa mgao, mwenye kibanda akawasha jenereta na kupandisha kiingilio kutoka 500 hadi 700, "mia mbili ya petroli, wakubwa zangu." Nikalipa elfu moja na kumwambia chenji abaki nayo. Ndivyo nilivyokuwa.

Dakika ya 4, Pacôme Zouzoua akafunga.

Nilitoa simu kabla mpira haujarudishwa katikati. Niliandika stetasi ambayo nainukuu hapa neno kwa neno, kwa sababu fundi aliipiga picha na hata nikikana itanifuata kaburini: "Leo ni mkono mwingine. Ihefu wakipata hata bao moja, kila anayesoma hapa aje kwangu apate sahani ya wali." Nikamalizia na vikopa vya kijani na njano, kama saba hivi.

Msomaji atazame vizuri maneno hayo. "Kila anayesoma hapa." Sikuandika ndugu, wala sikuandika jirani. Kwenye simu yangu kuna madereva wa malori, kuna bosi, kuna kamati nzima ya harusi ya mwaka 2019, na kuna mama mkwe, yuko Vwawa. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana kiasi kwamba nikimwona barabarani nabadili njia. Lakini stetasi zangu anazitazama zote, na huwa wa kwanza.

Dakika ya 40 Lenny Kissu akasawazisha. Kissu yuleyule. Kibandani kukazuka kelele za watu ambao mpaka dakika ile nilidhani ni wenzetu. Kumbe nusu ya benchi langu walikuwa wamekaa kimya kwa busara. Fundi hakushangilia. Aligeuka, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kaka, wali wa nyama au wa maharage?"

Nikasema mechi haijaisha. Ahadi ni ahadi, akasema, bao moja limepatikana. Mapumziko nilinunua maji ya mia tano nikayanywa bila kiu.

Kipindi cha pili nilikitazama kupitia vidole. Dakika ya 67 Charles Ilanfya akafunga la pili, na pale nikasikia maneno ambayo yamenijia usingizini mara nyingi tangu siku hiyo. Kijana wa bodaboda alisimama juu ya benchi: "Mabao mawili, sahani mbili!" Wakaitikia wote. Hata mwenye kibanda aliitikia, ambaye nimemwachia chenji.

Mwamuzi wa akiba alipoinua kibao cha dakika za nyongeza, nilisema natoka kununua vocha. Sikununua vocha. Nilikwenda Nakonde.

Sijui nilitegemea nini. Labda nilifikiri kwamba kule ni nchi nyingine, wana rais wao, wana kwacha zao, wana ligi yao, hawatakuwa na habari na mambo ya Ubaruku. Nilipovuka tu simu ikashika mtandao wa Zambia na saa ikajirudisha yenyewe: kutoka saa kumi na mbili kasoro hadi saa kumi na moja kasoro. Nikaiangalia ile saa. Nikapiga hesabu. Mechi ilianza saa kumi kamili. Kwa hiyo saa kumi na moja kasoro ni mapumziko. Nakonde bado ilikuwa mapumziko, matokeo moja moja, na dakika 45 zote za kurekebisha mambo zilikuwa mbele yetu. Nilisimama pembeni ya barabara ya Wazambia nikaonja amani kwa muda wa kama dakika mbili.

Halafu nikakumbuka stetasi. Nikaenda kuifuta. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Bando langu ni la Tanzania, na bando, tofauti na karani wa forodha, halivuki mpaka. Yaani nilikuwa nimekimbilia mahali pekee ambapo nisingeweza kuifuta ile aibu, nikaiacha inasomwa kwa raha upande wa pili.

Mbadilisha fedha mmoja, tunafahamiana kwa sura, akaniona nimeinama juu ya simu. "Mwapoleni, mukwai," akasema.

Hiyo ni salamu. Ni Kibemba, nimeisikia kila siku kwa miaka kumi na moja, mtu anakusalimu tu. Lakini jioni ile sikio langu lilichagua silabi mbili za katikati likaziacha nyingine. "Asante," nikamjibu, "ni mpira tu, yatapita."

"Mpira gani?"

Nikajikamatisha mwenyewe. Ilibidi nimweleze kila kitu, kuanzia Al Merrikh. Alinisikiliza kwa upole mwingi, kisha akauliza swali moja: Chama yuko timu hiyo? Nikamwambia hapana, Clatous Chama yuko Simba. Na Moses Phiri? Simba pia. Sisi, nikasema haraka, tuna Kennedy Musonda, Mzambia halisi. Akafikiri. "Musonda mmoja," akasema, huku akihesabu kwa vidole vyenye kwacha, "huku wawili." Hata kwa Wazambia tulikuwa tumefungwa mbili moja.

Nilikaa kule mpaka giza. Nikiwa pale nilikumbuka mambo ya shemeji yangu aliyeko Marekani. Huko, anasema, watu wanashabikia timu za vyuo vikuu za mpira wa kikapu kama sisi tunavyoshabikia za Kariakoo. Ndiyo mashindano aliyochezea Hasheem Thabeet wetu, chuo kikuu cha Connecticut, kabla ya kuchaguliwa wa pili NBA mwaka 2009. Msimu wao unaanza Novemba, ubingwa unaamuliwa Aprili, na timu ikipoteza mechi ya pili au ya tatu tu, wazee wazima wenye mikopo ya nyumba wanataka kocha afukuzwe usiku huohuo. Nilipomsikia mara ya kwanza nilicheka sana. Nilisema Wamarekani hawana shida za kweli.

Sasa tazama sisi. Ilikuwa mechi ya nne kati ya 30. Tulikuwa na pointi tisa kati ya 12. Kwa hesabu yoyote hakuna kilichoharibika. Lakini nilipowasha simu baadaye kundi letu la Wananchi wa Tunduma lilikuwa na ujumbe mia tatu na zaidi. Mmoja alitaka kocha wetu, Gamondi, aondoke. Mwingine alisema uwanja ni jaruba, ungepandwa mpunga. Wa tatu, mtu mzima, mzee wa kanisa, alisema golini kwa Ihefu kuna kitu kimezikwa na tusidanganyane. Akajibiwa kwamba timu hubadilishana magoli kipindi cha pili, kwa hiyo nasi tulikuwa na kitu hicho dakika 45. Mjadala ukahamia kwenye kina cha shimo. Kipigo cha mwisho wa msimu kina adabu yake, kila mtu anajua hesabu imefungwa, mnapeana pole mnaachana. Cha Oktoba ni kibaya, maana unabaki na miezi minane ya kuelezwa.

Nilirudi nyumbani saa mbili usiku, saa yetu. Kutoka njiani niliona taa ya sola inawaka uani na nikasikia vijiko.

Walikuwa kumi na wanne. Nilihesabu kupitia uzio kabla ya kuingia. Kijana wa bodaboda, mwenye kibanda, madereva wawili wa malori ambao mhuri wao niliupiga taratibu, watu watatu nisiowajua kabisa, na fundi, amekaa kwenye kiti changu, kile chenye mto. Mke wangu alikuwa anapakua kwa mwiko mkubwa wa shughuli. Yeye hana timu. Ana sufuria.

"Karibu, mwenye wali," fundi akasema. Katika nyumba yangu.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia bila kuinua uso, "wageni wako wamefika tangu magharibi. Mama naye kapiga simu kutoka Vwawa. Anasema yeye usafiri umekuwa mgumu, umwekee."

Nikamuuliza kwa kunong'ona mchele ule ameutoa wapi. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Si ule wa gunia? Ule uliouagiza mwenyewe, ukasema hakuna mchele kama wa Mbarali." Nikaenda stoo na tochi ya simu kuhakikisha. Gunia lilikuwa limebaki theluthi, na ubavuni limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, kwa mwandiko wa aliyenipakilia: UBARUKU.

Niliporudi uani sufuria ilikuwa imefika chini. Nilipewa ukoko. Nataka ieleweke kwamba mimi nauheshimu ukoko, utotoni tuliugombania. Lakini kuula mbele ya watu kumi na wanne walioshiba, wakati mmoja wao anawasomea wenzake stetasi yako kwa sauti kama tangazo la ndoa, ni jambo lingine. Stetasi ilikuwa imetazamwa na watu 94. Sikuifuta tena. Waliobaki nao walikuwa na haki yao.

Siku tatu baadaye Yanga iliifunga Geita Gold tatu bila. Tarehe 5 Novemba tuliifunga Simba tano moja, na aliyefungua mabao dakika za mwanzo ni Musonda, Mzambia wetu mmoja yule. Siku hiyo simu yangu ilikuwa nyumbani, ndani ya kabati, chini ya vitenge vya mke wangu, naye akiwa na ufunguo. Nilitazama mechi nikiwa nimekalia mikono yangu. Kibanda cha fundi kilifungwa siku mbili, akasema cherehani imekatika mkanda.

Msimu ule tulichukua ubingwa kwa pointi 80, ukiwa wa 30 katika historia ya klabu. Ihefu walihama Mbarali wakaenda Singida, na leo wanaitwa Singida Black Stars. Mchele haukubadili jina. Gunia jipya liko stoo. Na fundi, kila nikimpelekea suruali, hukumbusha kwamba mabao yalikuwa mawili na sahani aliyokula ni moja.