Bahari Sebuleni kwa Hajji

Koboko, usiku wa Jumamosi, nyumba iliyo kando ya barabara iendayo Oraba. Umeme umekatika. Hajji, mwenye nyumba, yuko barazani na wageni, wanakula mbuzi. Sebuleni kuna tangi la samaki lenye urefu wa mita 2, limekalishwa juu ya kabati la oda. Wanaosema ni KABATI mwenyewe. MANJANO, samaki wa jamii ya mbuna. KAMBALE, aliyenunuliwa sokoni jana akiwa hai na kutiwa tangini kwa muda, maana mjukuu wa Hajji alilia asichinjwe. JERIKENI la lita 20, lililosahauliwa nyuma ya pazia. Na ANGARA, samaki mkavu wa Panyimur, aliyewekwa ndani ya kabati. Huyu wote wanamwita Haboba, kama Wanubi wa hapa wanavyowaita bibi zao.

KABATI: Nani anatweta huko juu?

MANJANO: Ni mimi, mzee. Mapovu yamekoma. Hewa inaisha.

KABATI: Umeme umekwenda, pampu imelala. Utarudi.

MANJANO: Lini?

KABATI: Mwanangu, wewe umehamia Koboko lini?

JERIKENI: Mwache, mgeni huyo. Bwana mdogo, zamani West Nile tulikuwa na bwawa letu la Nyagak, kule Zombo, megawati 3.5 tu. Likikohoa, tunajua ni letu. Tangu 2024 tumeunganishwa na gridi ya taifa. Siku hizi ukikatika, umekatika kwa heshima.

MANJANO: Nilikozaliwa mimi, Singapore, giza la namna hii halijulikani.

ANGARA: Mara ya ngapi hiyo?

MANJANO: Ya nini?

ANGARA: Ya kuitaja Singapore tangu Magharibi.

KAMBALE: Ya saba, Haboba. Mimi nahesabu. Sina kazi nyingine humu.

ANGARA: Na ukoo wako ni wa wapi, mwanangu? Sikuulizi ulikozaliwa.

MANJANO: Ukoo… inasemekana ni Ziwa Malawi. Miamba ya upande wa Nkhata Bay.

ANGARA: Ah! Basi wewe ni jirani uliyekwenda kuzaliwa mbali. Babu zako walivuliwa hapo chini, wakapelekwa kwenye mabwawa ya ugenini, wakazaa, na ninyi wajukuu mmerudishwa kwa ndege mpaka Entebbe, mkauzwa Kampala ndani ya mifuko ya plastiki. Hajji amelipa pesa ya mbuzi kununua samaki ambaye angefika kwa basi.

MANJANO: Samaki wa basi hana cheti, Haboba.

JERIKENI: Na mimi ni wa manjano pia, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nina cheti.

KABATI: Tusidharauliane. Kila mmoja hapa amesafiri. Mimi ni mvule. Nilikatwa Kongo, nikapita Ariwara, nikaingia Arua usiku.

JERIKENI: Kwa nini usiku?

KABATI: Mbao za heshima hazipendi jua.

JERIKENI: Wala risiti. Na hebu sema kweli, mzee, mvule ni uso tu. Mimi nimekaa nyuma yako wiki nzima. Tumbo lako ni plaiwudi.

KABATI: Plaiwudi nzuri! Na nani aliyekwambia uchungulie watu mgongoni? Laiti wangetumia vumbi la mbao lililoshindiliwa, kama zile meza za ofisini, tone moja la maji lingenivimbisha mpaka milango isifunge. Yule seremala wa Arua hakuwa mjinga. Tatizo lilikuwa Hajji. Alikuja na picha kwenye simu: milango ya kuchonga, vitasa vya shaba, nguzo mbili za mapambo. Seremala akauliza, "Uzito?" Hajji akasema, "Ni maji tu."

KAMBALE: Ni maji tu!

KABATI: Basi fundi akachukua penseli yake ya sikioni akapiga hesabu juu ya kipande cha ubao. Mita 2 kwa senti 60 kwa senti 70, hiyo ni lita 840. Kila lita ni kilo moja. Kioo cha milimita 12 pande zote na sakafu, karibu kilo 150 nyingine. Mchanga na mawe bado. Akaweka penseli chini, akasema, "Hajji, hii ni zaidi ya tani." Hajji akamjibu, "Wewe si ndiye uliyetengeneza vitanda vya shemeji yangu? Vimevunjika?"

ANGARA: Kitanda hubeba tani?

KABATI: Kwa shemeji yake, karibu. Lakini fundi alishikilia. Nguzo ya ndani kila nusu mita, kutoka sakafuni mpaka juu, ili uzito ushuke kwenye mbao zenyewe na usining'inie kwenye skrubu. Gundi kila kiungo. Vanishi ndani na nje, mara tatu, na msasa katikati. Nguzo mbili za mapambo akaziweka pia, Hajji afurahi. Hizo hazibebi kitu. Wageni wakija, ndizo wanazozipapasa.

JERIKENI: Kila nyumba kubwa ina watu wa namna hiyo.

KABATI: Halafu mlango. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo aibu yangu. Ndani yangu kuna tangi dogo la kuchujia maji. Lilitumbukizwa kutoka juu kabla sijafunikwa. Milango ya kuchonga ikaja baadaye, mizuri, na uwazi wake ni mwembamba kuliko hilo tangi. Limeingia, halitoki. Likipasuka kesho, itabidi wanivunje mimi. Na matundu ya mipira je? Hajji alikataza mvule usitobolewe, kama vile maji yatapanda kwa dua. Fundi wa mabomba alikuja kunitoboa mgongoni usiku, Hajji akiwa Ijaa.

ANGARA: Ishaa.

KABATI: Ishaa. Samahani, Haboba, mimi ni mbao wa msituni.

MANJANO: Mzee, hewa…

KABATI: Nafika. Siku ya kuondoka Arua, tangi lilifungwa kwenye magodoro, likalazwa juu ya lori, mimi pembeni nimefunikwa shuka jeupe dhidi ya vumbi. Kumbe hiyo barabara, kutoka Vurra mpaka Oraba, kilomita 92, ni lami tupu. Vumbi halipo. Shuka likawa la bure. Tulipopita Maracha wanaume wakavua kofia, na mama mmoja akakaa chini akaanza kulia. Walidhani ni maiti ya mtu mkubwa sana.

KAMBALE: Hawakukosea sana. Tangi jipya ni kaburi la samaki wa kwanza. Manjano, hebu tueleze ndugu zako walikwendaje.

MANJANO: Tuliingia 20. Ilikuwa Ijumaa.

KABATI: Yule kijana wa Kampala aliyewaleta alisema kabisa. Samaki anakojoa, chakula kinaoza, inatoka amonia, nayo inachoma matamvua. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni pole zaidi. Hao bakteria hawauzwi na plaiwudi. Wanakuja taratibu, wanajijenga mchangani na kwenye sponji ya chujio, wiki 4, hata 6. Akasema, "Hajji, subiri mwezi tangi likiwa na maji na pampu tu." Hajji akamwambia, "Nimealika watu Ijumaa. Niwaonyeshe maji?"

JERIKENI: Maji! Kama angewaonyesha maji, ningejisikia. Maana hayo maji ni mimi niliyeyaleta. Mimi na dada zangu, jerikeni 42, kutoka kisima cha pampu kule shuleni. Kina mama walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Wakaja vijana wawili wa Hajji na pikipiki ya magurudumu matatu, wakasema ni dharura. Mama mmoja akauliza, "Kuna moto?" Wakasema, "Kuna samaki."

ANGARA: Astaghfirullah.

JERIKENI: Haboba, pale Lobule, kwenye makazi ya wakimbizi wa Kongo, kipimo wanachokiita cha kawaida ni lita 20 kwa mtu kwa siku. Yaani jerikeni moja: anywe, apike, aoge, afue. Kabati amebeba siku 42 za mtu mmoja, na bado kila wiki wanamwaga sehemu wanatia mengine.

KAMBALE: Wangechota bombani.

JERIKENI: Ya bombani yana klorini. Inaua samaki na hao bakteria wa mzee, mpaka uyaache wazi ipungue. Ya kisima hayana dawa, na yana madini, ndiyo yanayomfaa huyu bwana mdogo wa Singapore.

KAMBALE: Ya nane. Lakini hiyo umeitaja wewe, haihesabiwi.

MANJANO: Mnacheka, na mimi nakufa. Kwani hakuna betri? Niliona mafundi wakipandisha sola darini!

KABATI: Betri ipo. Imeungwa na televisheni.

MANJANO: Televisheni ina matamvua?

KABATI: Leo Arsenal wanacheza.

(Kutoka barazani inasikika sauti ya watu wengi wakiguna kwa pamoja.)

ANGARA: Wamefungwa. Sasa mwanangu, panda juu kabisa, weka mdomo pale maji yanapokutana na hewa. Usiogelee ovyo. Nilipokuwa hai kule Panyimur, Ziwa Albert likitulia wakati wa joto, mama alituambia hivyo hivyo.

MANJANO: Asante, Haboba. Lakini niulize, usione vibaya: wewe unafanya nini ndani ya kabati? Kuna harufu.

ANGARA: Harufu ni yangu, na ina wapenzi. Hajati, mke wa Hajji, alizunguka nyumba nzima akitafuta mahali pakavu, penye giza, penye kitasa, mbali na paka. Akafungua hii milango ya vitasa vya shaba, akaona rafu ya juu haina kazi. Kijana wa Kampala alisema ni ya dawa za maji na vipimo. Hajati akasema, "Vipimo vitakaa dirishani."

KABATI: Na mimi nikanuka. Kabati la mamilioni!

ANGARA: Nyamaza, baba. Kabla yangu ulikuwa sanamu. Hajji anawatazama hao wa juu dakika mbili, mgeni akiwepo. Mimi nikitiwa ufuta wa kusaga na kuwekwa kando ya ugali wa enyasa, anakaa kitako saa nzima na simu hapokei.

MANJANO: Mimi siliwi.

ANGARA: Na Hajji je, anakujua jina?

MANJANO: Huyu mwenzangu wa buluu ndiye aliyekuwa akitweta nami. Amekaa kimya. Buluu! … Ah, nimesahau, hawezi kujibu. Ana mayai mdomoni. Kwetu ndivyo jike anavyolea, karibu wiki 3 hafungui kinywa.

KAMBALE: Mm.

MANJANO: Umesemaje?

KAMBALE: Sisemi na chakula mdomoni.

(Kimya. Kabati analia kwenye kiungo kimoja.)

MANJANO: Mzee Kabati! Jana tulikuwa 11. Nihesabie!

KABATI: Mimi niko chini, mwanangu, naona vitako tu. Na mguu wangu wa kushoto unaniuma. Sakafu ya Hajji ilimiminwa ikiinamia mlangoni ili maji ya kudeki yatoke. Walipoweka pimamaji juu yangu, kiputo kikakimbilia pembeni. Tangi likiinama, uzito wote unaegemea kona moja ya kioo. Basi wakanisawazisha kwa kalenda ya mgombea wa 2021, imekunjwa mara nne.

JERIKENI: Hatimaye mheshimiwa ameinua kitu Koboko.

MANJANO: Kambale! Umemfanya nini Buluu?

KAMBALE: Kijana, mimi nimetolewa kwenye tope, nikatiwa beseni, nikatiwa bahari. Hakuna aliyenipa masharti. Usiku ni wakati wangu wa kula. Na hewa hainisumbui. Juu ya matamvua nina kiungo kingine, napanda, nagugumia hewa ya sebuleni, nashuka. Naweza kukaa hivi mpaka umeme urudi, au mpaka uchaguzi ujao. Lakini usiogope. Nimeshiba. Na kesho ni Jumapili, zamu yangu ya sufuria.

ANGARA: Sote zamu.

(Mlango unafunguliwa. Mianga ya simu mitatu, minne. Hajji anaingia na wageni. Manjano anajibanza nyuma ya jiwe. Kambale, tumbo limemtuna, anapita polepole katikati ya kioo.)

MGENI: Loo! Hajji, hii ndiyo yenyewe?

HAJJI: Karibuni, msiguse kioo. Kabati hili ni mvule mtupu. Hizi nguzo ndizo zinazobeba.

MGENI: Na huyu mkubwa?

HAJJI: Huyo? (Anasita kidogo.) Huyo nimemleta kwa ndege. Singapore.

MGENI: Kwetu Rhino Camp wako wanaofanana naye.

HAJJI: Wanafanana tu. Hebu tazama masharubu. Tazama anavyotulia. Wa kwenu wana utulivu huo?

MGENI: Wa kwetu wanakimbia.

HAJJI: Si unaona.

KAMBALE: (kwa sauti ya chini) Manjano, Singapore ni upande gani? Wakiniuliza?

MANJANO: Mwambieni ukweli! Kabati, piga kelele! Angusha kitu!

KABATI: Nikiangusha kitu ni tani nzima, mwanangu.

SAUTI YA HAJATI, kutoka jikoni: Hajji! Kesho nimkaange yule kambale, au nimtie mchuzi?

HAJJI: Kambale gani? Pika angara.

ANGARA: Na ufuta uwe mwingi.