Fadhila za Viza ya Mwanafunzi Zama za Korona

Viza ya mwanafunzi ni ruhusa anayopewa mtu kuingia nchi isiyo yake kwa ajili ya masomo, na kubaki humo maadamu masomo yanaendelea kwa namna ambayo nchi hiyo inataka yaendelee. Fadhila zake ni nyingi, na mpaka leo hazijapata wa kuzisifu. Bibi harusi anaimbiwa, jahazi linaimbiwa, hata karafuu ina tungo zake. Lakini stika hii ndogo, ambayo vijana kadhaa wa Unguja wameilinda kuliko walivyolinda afya zao, haijapata ubeti mmoja. Janga la korona lilileta fursa nzuri ya kuirudishia heshima yake. Mwaka 2020 vyuo vilifungwa, viwanja vya ndege vikafungwa, balozi zikateremsha mapazia ya madirisha yao, na madaktari wakaugua pamoja na wagonjwa. Masharti ya viza hayakukohoa hata mara moja.

Kwanza viza itenganishwe na hadhi. Viza hukaa ndani ya pasipoti na kazi yake kubwa huisha mlangoni. Hadhi ya uanafunzi ndiyo inayoanza baada ya kuvuka mlango, nayo haishikiki wala haionekani. Nchini Marekani, kumbukumbu ya kuingia ya mwanafunzi wa daraja la F-1 haina tarehe ya kuondoka. Ina herufi mbili tu, D/S, kwa maana kwamba mgeni atabaki maadamu hadhi yake ipo. Ukarimu usio na kikomo, mtu anaweza kudhani. Hadhi yenyewe, hata hivyo, inaishi ndani ya mfumo wa kompyuta unaoitwa SEVIS, ambao mwanafunzi huulipia dola 350 kabla hata hajafika mbele ya afisa wa viza, na inaweza kukatika kwa kupunguza masomo chini ya kiwango, kwa kuhama nyumba bila kutoa taarifa, au kwa kufanya kazi mahali pasiporuhusiwa.

Kuhusu kazi, viza imewapita wahenga kwa upole. Wahenga walitaka mgeni apumzike siku mbili na siku ya tatu apewe jembe. Viza ya mwanafunzi humlinda mgeni na jembe hilo kwa miaka minne mfululizo: Marekani humruhusu saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, tena ndani ya chuo, na Uingereza nayo imeweka saa 20 kwa wanaosoma shahada. Chuo kilipofungwa Machi 2020, maktaba na mikahawa yake ikafungwa pia, na mwanafunzi akapata mapumziko kamili. Kodi ya chumba haikupumzika, lakini hilo si jambo la idara ya uhamiaji.

Wanaoiona viza kuwa usumbufu wa kisasa huwasahau waliosafiri kutafuta elimu kabla yake. Wanazuoni wa Unguja wa mwisho wa karne ya 19, akiwemo Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufika hadi Istanbul, hawakuulizwa salio la benki. Walihitaji barua ya mwalimu na upepo. Lakini upepo nao ulikuwa na masharti: kusi hupeleka vyombo kaskazini, kaskazi huvirudisha, na aliyechelewa Hadhramaut alingoja msimu mwingine bila mtu wa kumwandikia barua pepe. Wala hayakuhitajika maradhi ili hadhi iyumbe. Kijana aliyeondoka Unguja kwenda masomoni Novemba 1963 alitoka katika himaya iliyo chini ya ulinzi wa Waingereza. Disemba 10 nchi yake ikawa huru chini ya Sultani. Januari 12 yakaja Mapinduzi na ikawa jamhuri. Aprili 26 ikaungana na Tanganyika. Ndani ya muhula mmoja na nusu alikuwa raia wa nchi nne bila kutoka bwenini, na ofisi ya wageni ya huko aliko ilitaka kujua tu pasipoti yake inaisha lini.

Fadhila nyingine ya viza ni kwamba humtembeza mtu. Marekani ilifungua ubalozi wake mdogo Unguja mwaka 1837, zama za Seyyid Said, ikaufunga mwaka 1979. Tangu hapo mwombaji wa Mji Mkongwe hupanda boti Malindi na kwenda Dar es Salaam. China na India zina balozi ndogo hapa hapa, na huenda ndiyo maana hazijawazoesha watu bahari. Kabla ya boti kuna sheha, kwa kuwa pasipoti nayo inataka barua yake, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na cheti cha kuzaliwa ambacho jina la babu limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye cheti cha skuli. Ukoo mzima hukutana kulitafutia dawa jina hilo, na kuhesabu nani anaweza kuonesha akiba gani benki. Ndugu waliokuwa hawasemeshani tangu mirathi ya Kiponda wamepatanishwa na fomu ya viza. Hakuna kadhi aliyefanya kazi hiyo kwa haraka hivyo.

Korona ilipofika, wanafunzi wa Unguja waliosoma nje waligawika mafungu mawili: waliokutwa ugenini na waliokutwa nyumbani. Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza Machi 16, 2020, na Zanzibar ikapata wake siku chache baadaye. Marekani ilisimamisha huduma za kawaida za viza duniani kote Machi 20. Tanzania ilizuia ndege za abiria kutoka nje Aprili 12, ikazifungulia Mei 18, na tangu mwisho wa Aprili iliacha kutangaza idadi ya wagonjwa. Waliokuwa ugenini wakaona kwao kuko wazi ila njia hakuna. Waliokuwa nyumbani wakaona njia imeanza kupatikana ila wanakokwenda kumefungwa.

China ndiyo iliyoionesha viza katika ukamilifu wake. Wuhan ilifungwa Januari 23, 2020, na Watanzania waliosoma huko walibaki ndani mpaka mji ulipofunguliwa Aprili 8. Kila mzazi aliyekuwa na mtoto huko alitamani awe ametoka mapema. Lakini Machi 28 China iliwazuia wageni kuingia, hata wenye viza na vibali vya ukaazi vilivyo hai, na hapo hesabu ikageuka. Aliyejifungia katikati ya maradhi alihifadhi hadhi yake. Aliyerudi Unguja kwa likizo ya Januari, akala wali wa nazi kwao na kumsaidia mama, aliipoteza: kibali chake cha ukaazi kiliisha akiwa kwao Fuoni, na kibali hicho hakifanyiwi upya kutoka Fuoni. Septemba 2020 mlango ulifunguliwa kidogo kwa wafanyakazi na wenye familia. Wanafunzi waliachwa waendelee kufaidi nyumbani hadi Agosti 24, 2022, karibu miaka miwili na miezi mitano.

Muda huo haukupotea. Saa mbili asubuhi ya Beijing ni saa tisa usiku ya Unguja, na kwa hiyo kipindi cha kwanza cha siku kiliangukia pale pale ambapo wacha Mungu huhimizwa kuamka. Ramadhani ya 2020, iliyoanza mwisho wa Aprili, mwanafunzi wa China hakuhitaji mpiga daku. Alikuwa macho tayari, simu mkononi, akisubiri intaneti irudi. Wanafunzi wa udaktari walinufaika zaidi. Walijifunza kupasua na kushona kwa kutazama, bila mgonjwa kuumia na bila mikono yao kuchafuka, na baadaye wakagundua kwamba mabaraza ya madaktari hayakuwa na shauku ileile kwa upasuaji wa kutazama. Vyuo vilipokea ada. Ubalozi ulijibu kwa adabu. Maswali ya barazani, yaani unarudi lini na kwani umefukuzwa, yalijibiwa kwa adabu vilevile, mpaka majirani wakachoka.

Marekani ilikuwa na uzuri wa aina nyingine: kasi. Katika siku za kawaida, sheria yake humhesabia mwanafunzi wa F-1 somo moja tu la mtandaoni kwa muhula katika kutimiza mzigo wake wa masomo, kwa kuwa anayesoma kwenye kompyuta angeweza kusoma kwao. Machi 2020 sheria ikalegezwa, na kusoma mbele ya kompyuta kukawa ndiyo njia pekee ya kuitunza hadhi. Julai 6 mamlaka zikatangaza kwamba mwanafunzi ambaye chuo chake kitafundisha mtandaoni tupu lazima ahamie chuo kingine au aondoke nchini. Vyuo vikuu vya Harvard na MIT vikafungua kesi Julai 8 mjini Boston. Julai 14 serikali ikakubali kuliondoa agizo. Kwa siku nane, kijana mmoja angeweza kulala akiwa halali, kuamka akiwa wa kufukuzwa, na kula chakula cha usiku akiwa halali tena, bila kubadili nguo. Wapya waliokuwa bado Unguja hawakupata msisimko huo: kama chuo kilifundisha mtandaoni pekee, hawakuruhusiwa kuingia kabisa, wakasoma kipindi cha saa kumi jioni cha New York saa tano usiku, majirani wakilala.

Uingereza ilianza kwa hisani. Viza zilizoisha baada ya Januari 24, 2020 zilirefushwa kwa walioshindwa kurudi kwao, kwanza hadi Mei 31, kisha hadi Julai 31. Lakini Januari 22, 2021 Tanzania iliwekewa marufuku ya kusafiri pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa hofu ya aina mpya ya kirusi iliyokuwa Afrika Kusini. Mwenye haki ya ukaazi, mwanafunzi mwenye viza akiwemo, aliweza kuingia, na kuanzia Februari 15 alilazimika kujifungia siku 10 katika hoteli iliyochaguliwa na serikali, kwa pauni 1,750. Agosti bei ikapanda hadi pauni 2,285. Huu ulikuwa utalii halisi. Kijana aliyekulia karibu na hoteli za Nungwi bila kuvuka lango lao sasa alikaa hotelini mwenyewe, na mlinzi mlangoni wa kuhakikisha hatoki. Miezi hiyohiyo Warusi na Waukraine walikuwa wakiteremka uwanja wa Abeid Amani Karume na kwenda kula urojo Forodhani bila barakoa. Hata Oman, ambako ni nadra kwa nyumba ya Mji Mkongwe kukosa shangazi, iliwafungia wasafiri wa Tanzania Februari 2021.

Kipimo cha korona cha PCR, walichotakiwa wasafiri, nacho kilikifundisha hesabu kizazi kisichopenda hesabu. Cheti kilidumu siku tatu. Ndani ya siku hizo ilibidi sampuli itolewe Migombani, majibu yatoke, ndege iondoke, na mapumziko ya Doha au Addis Ababa yasirefuke. Ndege ikichelewa usiku mmoja, pua irudi tena kwa mpimaji.

Oktoba 7, 2021 ilileta sadfa ambayo mtunzi wa riwaya angeiogopa. Siku hiyo Stockholm ilimtangaza Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyekwenda Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960 na kusoma Canterbury, kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Siku hiyohiyo serikali ya Uingereza ilitangaza kuziondoa nchi 47, Tanzania ikiwemo, katika orodha yake nyekundu, yaani ya nchi ambazo aliyetoka huko alilazimika kujifungia hotelini, kuanzia Oktoba 11. Kwa siku nne London ilijivunia mwandishi aliyetoka mahali ambapo mwanafunzi wake wa sasa alipaswa kulipia kifungo hotelini ili apite.

Baada ya sifa zote hizi, msomaji anaweza kuuliza viza inapima nini hasa. Haipimi kusoma. Wa Fuoni aliyeamka saa tisa usiku miaka miwili alikuwa akisoma, na hakuwa na hadhi. Wa bwenini aliyekuwa na hadhi angeweza kuzima kamera na kulala, na mfumo usijue. Inachopima ni mwili uko upande gani wa mpaka. Korona ilikuwa kipindi cha kwanza ambacho mwili na masomo vilitengana kwa mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, na karibu kila serikali, ilipolazimika kuchagua, iliufuata mwili.

Siku hizi viza imeanza kuja yenyewe Unguja. Novemba 2023 chuo cha India cha IIT Madras kilifungua tawi lake Bweleo, nje ya mji. Kijana wa Fuoni aliyepata nafasi humo hasafiri kwa viza yoyote. Wenzake wanaotoka India ndio wanaotafuta kibali cha ukaazi.